Gari linachemsha? Sema kwanza linachemsha wapi

Ukimwambia fundi "gari linachemsha" na yeye, kabla hajafungua boneti, akakujibu "hiyo rejeta", mshukuru na utafute mwingine. Huenda kweli ni rejeta. Lakini gari lililotengenezwa miaka ya 90 linaweza kuchemsha kwa sababu nyingi tofauti, na rejeta ni ghali kuliko nyingi kati ya hizo. Fundi makini atakuuliza jambo moja kabla ya mengine yote: linachemsha ukiwa wapi? Kwenye foleni, kwenye mlima, kwenye lami iliyonyooka, au dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi? Jibu lako linaweza kumwondolea nusu ya kazi.

Sababu yake ni hii. Karibu theluthi moja ya nguvu ya mafuta yanayoungua ndani ya silinda haisukumi gari na wala haitoki kwenye ekzosti. Inabaki kwenye chuma cha injini kama joto, na lazima itolewe kila sekunde. Wota pampu inasukuma maji kwenye bloku, yanapanda kwenye silinda hedi iliyo juu yake, yanaingia rejeta kwa mpira wa juu, yanapoa, yanarudi kwa mpira wa chini. Thamostati inaamua ni kiasi gani kipite. Feni, au upepo wa mwendo, unapuliza joto litoke kwenye mapezi ya rejeta. Na mfuniko wa rejeta unashikilia presha. Kila kifaa hapo kina hali yake ya kuelemewa: feni huonekana imekufa pale ambapo hakuna upepo mwingine wa kusaidia, na rejeta iliyoziba huonekana pale ambapo injini inatoa joto jingi kuliko kawaida.

Tuanze na foleni. Gari linaloelekea Dar es Salaam linatoka Mlandizi hadi Kibaha geji ya joto ikiwa imetulia katikati, likifika Kimara kwenye foleni geji inaanza kupanda, magari yakiachia kidogo inashuka. Hapo usinunue rejeta. Maji yanazunguka na rejeta inapoza vizuri ikipata upepo. Kinachokosekana ni upepo wenyewe. Tafuta feni.

Magari ya zamani yana feni za aina mbili. Corolla 110 na ndugu zake zenye injini iliyolazwa upande zina feni ya umeme. Inawashwa na swichi ya joto iliyofungwa kwenye njia ya maji, kupitia rilei, yaani swichi nyingine inayoendeshwa kwa umeme. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo swichi ile inafanya kazi kinyume na mtu anavyotarajia: maji yakiwa ya baridi imeunganisha umeme, yakipata moto inakata, na kule kukata ndiko kunakoifanya rilei iwashe feni. Kwa hiyo kipimo chake hakihitaji kifaa chochote. Weka swichi ya gari "on", chomoa soketi ya swichi ya joto. Feni ikizunguka, basi mota, fyuzi na rilei ni nzima na lawama inabaki kwenye swichi, au maji ya moto hayafiki pale ilipo. Isipozunguka, peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota. Ikikaa kimya, ni mota. Ikizunguka, rudi kwenye rilei, fyuzi na nyaya. Dakika kumi zimetosha kujua.

Kuna hitilafu moja ya feni ya umeme ambayo imewala watu fedha nyingi kwa sababu macho hayaioni. Niliwahi kuona Corolla iliyokuwa imebadilishwa rejeta, imetolewa thamostati, imewekwa wota pampu mpya, na bado inachemsha kila ikisimama. Feni ilikuwa inazunguka kwa kasi, kila fundi aliiona na kupita. Mzee mmoja wa gereji akachukua karatasi ya daftari akaiweka mbele ya kondensa ya kiyoyozi, kwenye grili. Karatasi ikaruka kuelekea barabarani badala ya kunaswa. Mtu aliyewahi kubadilisha mota alikuwa amegeuza nyaya mbili, feni ikawa inapuliza hewa mbele badala ya kuvuta ndani. Tangu siku ile sipimi feni kwa macho. Karatasi ikinaswa kwenye grili, feni inavuta. Isiponaswa, nina swali.

Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, Mark II GX100 na nyinginezo zenye injini iliyosimama kwa urefu zina feni inayovutwa na mkanda kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Klachi hiyo ikiwa baridi inaachia feni ilegee, ikipata joto kutoka kwenye rejeta inashika na feni inavuta kwa nguvu hadi unasikia mngurumo. Mafuta yakivuja au yakichoka, feni inazunguka kwa kubembelezwa tu. Zima injini ikiwa ya moto, sukuma panga la feni kwa kidole: linapaswa kukataa, lisimame mara moja. Likizunguka mara kadhaa lenyewe, klachi imekufa. Angalia pia kama kuna utepe wa mafuta yenye vumbi unaoanzia katikati ya klachi na kutawanyika nje. Mafuta yale ya silikoni huuzwa kwa tyubu ndogo na klachi inaweza kufunguliwa ikaongezwa. Huna haja ya kununua nzima kama beringi haina mchezo. Wengine hufunga bolti ili feni ishike daima. Inafanya kazi, ila unalipia kwenye mafuta na kelele, na ukipita kwenye maji mengi panga zinaweza kupinda na kuipiga rejeta.

Usisahau lile kava la plastiki linalozunguka feni. Mafundi wengi hulitoa wakati wa kazi na kulitupa kwenye kona kwa sababu linasumbua kurudisha. Bila kava, feni inavuta hewa kutoka pembeni, pale pasipo na ukinzani, na sehemu kubwa ya rejeta haipati kitu.

Sasa geuza hali. Gari linatulia kwenye foleni, lakini ukishika kasi ya 100 au ukipanda mlima geji inapanda nayo. Hapo upepo upo. Kinachokosekana ni mzunguko wa maji au uso wa kupozea. Mtuhumiwa wa kwanza ni rejeta iliyoziba, ndani au nje, na watu wengi husahau nje. Kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta kuna nafasi ndogo ambayo kwa miaka 20 inakusanya wadudu, manyoya, vumbi la barabara za vijijini na nyuzi za majani. Ukitazama mbele unaona kondensa safi. Ukitazama nyuma unaona rejeta safi. Uchafu uko katikati. Fungua kondensa kidogo, mulika tochi. Maji yapigwe kutoka upande wa injini kwenda nje, tena kwa presha ya kawaida, kwa sababu mapezi hulala kirahisi.

Ndani, hali inategemea umri. Rejeta za zamani za shaba zilifunguliwa tangi la juu, zikapitishwa fito kwenye mirija yake, zikarudishwa kwa lehemu, na zikaishi miaka mingine. Za alumini zenye matangi ya plastiki hazikubali hivyo. Plastiki huzeeka, hubadilika rangi, kisha hupata ufa mwembamba unaovuja tu pale presha na joto vikipanda, na gari likipoa ufa unajifunga, unabaki na doa jeupe au la rangi ya kulanti, kile kimiminika cha kupozea injini, kama ushahidi pekee. Ili kujua kama mirija imeziba, acha injini ipate moto kamili, zima, kisha pitisha kiganja juu ya mapezi kwa uangalifu, huku ukichunga feni ya umeme ambayo inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Joto linapaswa kupungua taratibu kutoka maji yanapoingia hadi yanapotoka. Ukikuta mahali pa baridi katikati ya moto, mirija ya pale haipitishi kitu.

Kagua mpira wa chini pia. Uko upande wa kunyonya wa pampu. Ukichoka, au waya wa springi uliokuwa ndani yake ukiliwa na kutu, pampu inaufyonza hadi unajibana wenyewe injini ikivuta kwa kasi. Ukisimama kuangalia, umerudi kuwa wa mviringo kama haujatenda kosa. Mwenzako akanyage mafuta huku wewe unautazama.

Kuhusu wota pampu nitasema kwa ufupi. Ina tundu dogo chini ya shafti yake. Likitoa tone au alama ya kutu, sili imekwisha. Kwenye injini za Toyota za 4A na 5A mkanda unaozungusha pampu ndio huohuo unaozungusha alternata. Kwa hiyo taa ya betri ikiwaka na geji ikaanza kupanda pamoja, mkanda umekatika au umelegea vibaya. Simama hapohapo.

Mlima unatufikisha kwenye kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, na ambacho nadhani ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote: mfuniko wa rejeta. Tazama juu yake, Toyota nyingi za zamani zimeandikwa 0.9, maana yake unashikilia presha ya takribani bar 0.9 juu ya presha ya hewa. Usawa wa bahari, maji matupu huchemka nyuzi 100 za Selsiasi. Chini ya presha ya mfuniko huo hayachemki hadi karibu 118. Ukipanda juu, hesabu inageuka dhidi yako: kila mita 300 hivi za mwinuko zinapunguza nyuzi moja. Mbeya na Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95. Thamostati ya Toyota nyingi huanza kufunguka karibu nyuzi 82 na hufunguka kikamilifu karibu 95. Ina maana gari lenye mfuniko uliochoka, likiwa na maji matupu, likifika Mbeya linaweza kuanza kuchemsha kabla thamostati haijamaliza kufunguka, hata kama kila kitu kingine ni kizima. Ndiyo maana kuna gari linalokaa Dar es Salaam mwaka mzima bila shida, kisha likaaibisha familia likiwa njiani kwenda Krismasi.

Mlima Kitonga, baada ya kuvuka Ruaha Mbuyuni kuelekea Iringa, ni mtihani wa vyote kwa pamoja. Chini kuna joto, gari limejaa watu na mizigo, unapanda kwa gia ndogo nyuma ya malori, injini inazunguka kwa nguvu huku mwendo wako ukiwa mdogo kiasi kwamba upepo hausaidii. Feni, rejeta, pampu na mfuniko vinahojiwa wakati mmoja. Gari likichemsha Kitonga tu, anza na mfuniko na usafi wa rejeta kabla ya kutoa fedha kubwa.

Mfuniko una valvu mbili. Kubwa inaachia maji yatoke kwenda chupa ya akiba presha ikizidi. Ndogo, katikati, inayarudisha injini ikipoa. Mpira wa valvu kubwa ukiwa mgumu au umechimbika, presha haishikwi. Valvu ndogo ikikwama, asubuhi utakuta mpira wa juu umebonyea na chupa ya akiba imejaa huku rejeta ina upungufu. Badilisha kwa mfuniko wenye namba ileile. Kuweka wa 1.1 kwenye rejeta ya miaka 25 ili "ishike zaidi" ni kutafuta mahali pengine papasuke.

Thamostati nayo ina kesi ya kuonewa. Kutoa thamostati kumekuwa dawa ya kwanza kwenye gereji nyingi, kwa hoja kwamba nchi yetu ina joto na kifaa kile ni cha nchi za baridi. Hoja hiyo inasikika vizuri, ila haisimami. Injini nyingi za Toyota zina njia ya pembeni inayozungusha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, ili ipate moto haraka. Thamostati ina kisahani cha chini ambacho, ikifunguka, kinaziba njia hiyo na kuyalazimisha maji yote yaende rejeta. Ukiitoa, njia ya pembeni inabaki wazi milele, na sehemu ya maji ya moto inaendelea kuzunguka bila kupozwa. Vitabu vya ufundi vya Toyota vyenyewe vinaonya kwamba thamostati isitolewe hata kama injini ina tabia ya kuchemsha, kwa kuwa upozaji unapungua. Kuna injini ambazo zikitolewa thamostati hukaa baridi mno, zikala mafuta na kuchakaa mapema. Kwa vyovyote hujatibu kitu.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko dogo. Tazama namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi 82. Maji yakikaribia hapo utaona kisahani kikianza kuachana na kitako, polepole, kwa sababu ndani yake kuna nta inayoyeyuka na kutanuka. Karibu na 95 kiwe kimefunguka milimita nane au zaidi. Kikibaki kimefunga, au kikifunguka kidogo tu, kitupe. Gari lenye thamostati iliyokwama imefunga hujitambulisha lenyewe: linachemsha mapema baada ya kuwasha, mpira mmoja wa rejeta ni wa moto sana na mwingine ni wa baridi. Unaporudisha mpya, kile kivalvu kidogo cha kutoa hewa kikae juu.

Haya yote yana mzizi mmoja kwenye magari yetu, nao ni maji ya bomba na ya kisima. Maji ya visima sehemu nyingi za pwani na Dodoma yana chumvi na chokaa. Yakipashwa moto kila siku kwa miaka, chokaa inaganda kwenye mirija ya rejeta na kuta za bloku, kutu inakula panga za wota pampu, na alumini ya hedi inaliwa kuzunguka matundu ya maji hadi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, inakosa pa kukalia. Watu husema kulanti ni ya kuzuia barafu, na sisi hatuna barafu. Kazi yake kwetu ni kuzuia kutu na kupandisha nyuzi za kuchemka. Ichanganye na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, ila hakikisha muuzaji hakupi asidi. Usichanganye aina mbili za kulanti usizozijua. Nyingine hugeuka tope. Na zile dawa za kuziba matundu zinazomiminwa kwenye rejeta, pamoja na ute wa yai wa madereva wa zamani, zitakufikisha nyumbani, lakini hazichagui tundu la kuziba. Mirija ya hita ni myembamba na ndiyo huziba kwanza.

Ukishapima feni, rejeta, mfuniko, thamostati na pampu, na gari bado linachemsha au linapoteza maji yasiyoonekana pa kwenda, inabaki ile habari isiyopendwa: gasketi ya silinda hedi. Hapa nishike breki kidogo, maana gasketi hii husingiziwa sawa na inavyofichwa. Ushahidi wake unaweza kukusanywa kabla ya kufungua hata bolti moja. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, jaza maji hadi shingoni, washa. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyonaswa. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda inayopita. Funga mfuniko na ushike mpira wa juu: ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, maji yakiwa bado ya baridi, presha hiyo haikuletwa na joto. Kwenye injini ya petroli toa plagi zote uzipange kwa mpangilio wake. Moja ikiwa nyeupe na safi kuliko wenzake, silinda yake inaoshwa na mvuke. Kuna pia kimiminika cha buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta, na kikipata gesi ya moshi hugeuka njano. Gereji yenye nacho inakuokolea ubishi.

Utando mweupe kama maziwa chini ya mfuniko wa oili haujatosha kuwa hukumu. Gari linalokwenda safari fupi tu, sokoni na kurudi, hutengeneza unyevu huo lenyewe. Chomoa kijiti cha oili: kama oili yote imegeuka maziwa, hapo usiwashe tena.

Hedi ikishafunguliwa, kubadilisha gasketi bila kupima unyoofu wa hedi ni kufanya kazi mara mbili. Kwa injini kama 4A na 5A kikomo cha kupinda ni milimita 0.05, nusu ya unene wa karatasi ya ofisini. Jicho halioni hilo. Inatakiwa rula ya chuma iliyonyooka na filageji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi), na ikizidi, hedi iende kuchongwa kwa mashine. Kuisugua kwa msasa uliobandikwa kwenye ubao si kuchonga. Bolti zifungwe kwa toki renchi, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa hatua na kwa mpangilio wa kitabu. Ukiona fundi anafunga hedi kwa bomba refu na misuli, una haki ya kuuliza.

Na ikikukuta barabarani? Geji ikianza kupanda, zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho na feni yake, fungua madirisha. Hita ni rejeta ndogo ya pili, utatoka jasho lakini injini itapumua. Ikiendelea kupanda, simama. Kama hujaona uvujaji na feni inavuta, iache izunguke taratibu dakika moja au mbili ndipo uzime. Kama maji yamemwagika, zima hapohapo, kwa sababu hakuna cha kuzungusha. Na geji ikipanda kisha ikaporomoka ghafla hadi baridi, usifurahi. Sensa yake inapima maji. Maji yakiisha inabaki hewani na haina cha kukuambia.

Mfuniko usiguswe hadi uweze kuuminya mpira wa juu kwa mkono na ukabonyea, pengine nusu saa au zaidi. Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 yametulia kwa sababu ya presha tu. Ukiifungulia, yanageuka mvuke usoni mwako. Ukishafungua, usimimine maji ya baridi kwa mkupuo kwenye injini kavu yenye moto. Silinda hedi hupasuka kwa njia hiyo, na hapo gasketi inakuwa shida ndogo.

Baada ya matengenezo, jaza polepole mdomo wa rejeta ukiwa ndio sehemu ya juu, ikibidi gari lielekee mlimani kidogo, hita ikiwa wazi. Noah na Hiace za zamani, zenye injini chini ya viti na mipira mirefu, hunasa hewa kwa urahisi na zinahitaji subira zaidi. Injini izunguke hadi feni iwake na kuzima walau mara mbili. Kisha kwa wiki nzima tazama kiwango kila asubuhi kabla ya kuwasha. Siku ya kwanza au ya pili kitashuka kidogo hewa ikitoka. Kikiendelea kushuka siku ya tano, rudi kwenye gasketi.